Sahihi ya Praful Bhai

Jumatatu, 8 Septemba

Wameandika wale wakaguzi wa Australia. Maombi yangu ya viza ya ufundi wameyapokea, ahsante sana, ila hawajaona ushahidi kwamba mimi ni fundi makochi. Hawajaona! Mikono hii imevisha nusu ya makochi ya Wembley. Wanataka barua ya mwajiri wangu wa zamani, yenye sahihi yake na nambari yake ya simu, ieleze nilifanya kazi gani na kwa muda gani. Na picha za kazi zangu juu yake.

Mwajiri wangu wa zamani ni Praful Bhai, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa na karakana ya makochi huko huko Wembley. Nilimtumikia miaka saba. Mwaka wa mwisho akamfanya Harith msimamizi. Harith! Mtu wa Wete asiyejua kupanga maua ya kitambaa yakakutana kwenye mshono. Uvumilivu uliponiishia nilipanda juu ya meza ya kukatia, nikamwambia Praful Bhai ukweli wote mbele ya mafundi, nikashuka, nikaondoka zangu. Hotuba bado ninayo kichwani, neno kwa neno. Hakujibu kitu. Alipigwa na butwaa. Sasa karakana ameifunga, amestaafu, lakini chuki yake najua haijastaafu.

Suad anasema nimpigie simu nimwombe. Hivi hivi tu, simu. Mke wangu anahudumia wazee, amezoea watu wanaosahau magomvi yao kabla ya chai. Fitina za watu wenye akili timamu hazijui.

Haraka yake naielewa lakini. Binti yetu Miska yuko Perth na mumewe, amejifungua juzi juzi, na Suad anamwona mjukuu kwenye kioo cha simu tu. Anakibusu mpaka kinaingia ukungu. Na mimi Novemba natimiza miaka arobaini na mitano. Baada ya hapo hawachukui tena, mlango umefungwa.

Viza nitaipata. Na Praful Bhai sitampigia magoti.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa kwanza: picha. Kochi zuri halihitaji barua.

Nimekwenda kwa Pramila Ben, mwenye duka la sari. Nilimtengenezea kochi la mahameli jekundu, vifungo mgongoni, kazi ya kifalme. Nimebisha hodi, nimekaribishwa sebuleni, na nani amekaa juu ya kochi langu akinywa chai? Harith! Na simu mkononi, anapiga picha!

Kumbe na yeye anaomba Australia. Na yeye ameambiwa alete picha. Nikamwuliza anapiga picha kazi ya nani. Akasema kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba kochi lile tulilifanya pamoja. Pamoja! Yeye alishika tochi.

Nikamwambia Pramila Ben kwamba ushahidi upo. Kila kochi nililolifanya niliandika jina langu kwa chaki ndani, chini ya kikalio. Nikaomba mkasi. Nikalipindua kochi. Harith akasema, "Sultan, ngoja kwanza." Sikungoja. Nikakipasua kile kitambaa cheusi cha chini kutoka mguu mpaka mguu.

Jina halikuwapo. Palikuwa na lebo ya kiwanda cha Poland.

Pramila Ben akasema kochi langu alimpa dada yake wa Leicester zamani. Hili limetoka dukani wiki iliyopita.

Harith akanywa chai.

Nimeshinda pale nikishona. Nilipomaliza Pramila Ben akaniletea viti vya mezani, vyote vimelegea vikalio. Nikavikaza. Halafu kiti cha miguu cha mama mkwe wake, ambacho ilibidi nikitengeneze mama mkwe akiwa ameweka miguu juu yake, maana alikataa kuiondoa. Harith hakuondoka. Alikaa akinipiga picha nikiwa nimepiga magoti na sindano mdomoni. Zitakuwa zimeshafika kwa wenzake wa msikitini.

Ijumaa, 12 Septemba

Harith amenitumia picha zake zote. Nimo mimi, springi, sindano, mkono unavuta uzi, uso unaonekana vizuri. Ameandika: "Ndugu yangu, hizi zitakufaa kwenye maombi yako. Kazi safi sana."

Nimezichunguza kwa makini. Mtego uko wapi?

Suad amezitazama, akasema ndizo hasa wanazozitaka wale watu. Hapo ndipo nilipouona mtego. Kwa nini ziwe ndizo hasa? Adui hakupi kisu bila kukishika mpini.

Nimezifuta zote. Nikaingia na kwenye pipa la simu, nikazifuta na huko.

Suad amekwenda kukunja nguo. Zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Kazini, uwanja wa mpira wa Wembley. Siku hizi navaa jaketi la rangi ya chungwa na kuwaonyesha washabiki mlango ulipo, wakati umeandikwa mbele yao kwa herufi kubwa kuliko mimi.

Nje ya kizuizi nimemwona Praful Bhai! Amezeeka kidogo, koti lile lile. Ana ubao na kalamu, anakusanya sahihi za watu wanaopinga magari kuegeshwa ovyo mitaani siku za mechi. Anamsimamisha kila anayepita. Geti lake limezibwa na magari, anasema, hata hekaluni hawezi kwenda, wageni wa mechi wanakula mlangoni pake. Nikajificha nyuma ya farasi wa polisi nikamsikiliza vizuri.

Farasi akanitafuna kola. Lakini nikapata wazo.

Mtu anayekusanya sahihi ni mtu ambaye kalamu yake iko wazi.

Jumapili, 14 Septemba

Mpango wa pili. Barua nimeiandika mwenyewe, kwa Kiingereza cha heshima. Sultan alikuwa Fundi Mkuu. Sultan aliwaongoza mafundi wote kwa busara ya jemadari. Springi zilimtii. Hapa nilisita kidogo, kisha nikaiacha hivyo hivyo.

Barua itaingia katikati ya rundo la malalamiko ya magari. Karatasi saizi moja, herufi saizi moja. Mzee atatia sahihi huku, atatia sahihi kule, hatajua.

Tatizo, rundo linataka sahihi za watu, na mimi nakaa Thornton Heath, upande wa pili kabisa wa London. Huku hakuna anayejali gari limesimama wapi Wembley. Nikaenda kwa kinyozi wangu. Akatia sahihi kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti na sitoki. Wateja wake wakafuata. Kituoni nikapata wengine. Mama mmoja alidhani tunadai basi zaidi, akatia sahihi mara mbili.

Suad ameuliza nafanya nini. Nikamwambia najitolea kwa jamii. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuangalia kama nina homa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Praful Bhai na rundo langu.

Amenipokea kwa mikono miwili. Mnafiki mkubwa! "Karibu, Sultan, karibu ndani, mbona umekonda?" Kiswahili chake cha Tanga hakijachuja hata kidogo. Chai ya tangawizi, bakuli la chevda ya kukaanga, kiti kizuri cha karibu na dirisha. Nikakaa ukingoni, tayari kwa lolote.

Nikamwambia nimesikia taabu yake ya magari, nimeguswa. Macho yakamjaa maji. Akanieleza historia ya geti lake tangu mwanzo. Lipo gari lililomzibia njia siku ya harusi ya binti yake. Rangi yake anaikumbuka, na alichosema dereva pia. Jua lilihama kutoka ukuta huu mpaka ule. Nikamwambia yeye kama mwenyekiti lazima atie sahihi kila ukurasa. Akatia. Wote! Barua yangu niliiona kwa macho yangu ikipita chini ya kalamu.

Nilipoinuka mkoba ukafunguka, jaketi la uwanjani likaanguka katikati ya zulia.

Nikajua nimekwisha. Praful Bhai akaliokota, akasoma maandishi ya mgongoni, akanitazama. "Umejipenyeza kwenye kambi ya adui!" akasema, akanikumbatia. Mtu huyo alikuwa akinibana mbavu kama ndugu yake aliyepotea. Nikahisi kitu kifuani. Pengine chevda.

Akaligawa rundo mara mbili, kama karata. Nusu yake atapeleka halmashauri, nusu nibaki nayo kwa usalama. Barua ilikuwa kwenye nusu yangu. Kwenye basi, watu wamenibana, nikaupiga picha ukurasa wa juu bila hata kuusoma, nikautuma Australia hapo hapo kabla sijateremka. Imekwisha! Mwenye akili halali njaa.

Alhamisi, 18 Septemba

Wakaguzi wamejibu. Wamekuwa wepesi safari hii.

Wanashukuru kwa ushahidi. Wangependa kuelewa una uhusiano gani na kuvisha makochi, kwa kuwa unahusu magari yanayoegeshwa ovyo Wembley, na umetiwa sahihi, pamoja na wengine, na kinyozi.

Nimelipekua rundo zima. Barua yangu haimo.

Nilipokuwa bado nimeshika karatasi, simu ikalia. Praful Bhai. Alikuwa ametoka halmashauri kukabidhi malalamiko. Diwani aliyapitia mbele yake, akafika kwenye ukurasa mmoja, akauliza kwa adabu ni nani huyu Sultan ambaye springi zinamtii, na wakazi wanataka afanywe nini.

Kisha Praful Bhai akaniambia nije Jumapili. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Suad ameniuliza kwa nini nimekaa chini jikoni. Nikamwambia kuna ubaridi mzuri.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda na suti ya Idi. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimependeza.

Praful Bhai alikuwa peke yake. Barua yangu iko mezani. Hakuwa na hasira. Hilo lilinitisha zaidi.

"Sultan, hii kitu ungeniomba tu," akasema. "Mimi ningekataa kwa sababu gani?"

Akasema barua yangu ina uongo mdogo mdogo, kwa hiyo haifai, ila ataandika ya kweli sasa hivi. Akavaa miwani. Akachukua karatasi safi. Akaandika tarehe. Akaandika jina langu lote, na la baba yangu, bila kuniuliza. Kalamu ilikuwa inakwenda! Nilichotakiwa kufanya ni kukaa na kula chevda.

Lakini kuna jambo lilikuwa linaniwasha. Nikasema nashukuru kwa moyo wake mkubwa, hasa ukizingatia jinsi tulivyoachana.

Akainua kichwa. "Tuliachana vipi?"

Nikadhani anatania. Nikamkumbusha: meza ya kukatia, mafundi wote wamesimama, mimi juu. Kisha uso ukamchanua. "Aa, ile siku ya taa! Ulikuwa unanionyesha taa imekufa. Mashine zilikuwa zinanguruma, sikusikia. Kesho yake nilinunua mpya." Akasema aliambiwa baadaye nimeacha kazi, akajua ni sababu ya umbali. Wembley na Thornton Heath si mchezo, alinihurumia.

Taa!

Miaka yote hii nimevuka barabara nikimwona mtu mwenye koti kama lake. Nimekataa mialiko ya harusi. Nimelala nikiwaza jinsi anavyolala akiniwaza. Na yeye alinunua taa!

Nikamwambia hapana, Praful Bhai, haikuwa taa. Akasema basi yamepita, akarudi kwenye kuandika. Nikamwambia hayajapita, maana hayajakufika. Nikasimama. Meza haikuwapo, nikapanda kwenye kile kiti cha dirishani, nikaitoa hotuba yote, tangu "Wewe Praful" mpaka mwisho. Ile sehemu ya ubahili wake, jinsi alivyokuwa akihesabu misumari. Ile ya kwamba hajui springi na kwamba angeuza hata kivuli chetu kama kingeshika gundi. Hakuna neno nililosahau. Chumba kilikuwa kimya kabisa, hakuna mashine. Alisikia kila kitu.

Niliposhuka alikuwa ameshafunika kalamu. Akaitia mfukoni. Akaivua miwani.

"Nenda nyumbani, Sultan," akasema.

Kwenye treni nilijisikia mwepesi mpaka kituo cha tatu hivi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimemsimulia Suad yote. Nilitarajia aniulize Praful Bhai alionekanaje alipoujua ukweli. Ameuliza jambo moja tu: alikuwa ameshaanza kuandika?

Nikasema ndiyo, alikuwa amefika mstari wa tatu.

Akanitazama. Sikumbuki kutazamwa kwa macho yale tangu nilipouza vitanda vyetu kuanzisha biashara ya kuku. Kisha akasema, taratibu, kwamba mtoto ameanza kucheka. Miska amemtumia video asubuhi. Anacheka na feni.

Akavaa koti akatoka. Nikamwuliza anakwenda wapi. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Jumanne, 23 Septemba

Suad alirudi jana jioni na barua.

Hataki kusema alimwambia nini Praful Bhai. Anasema alimwomba, basi. Alikuta mzee amenuna, akakaa naye, wakala. Baadaye mzee akaanza kuikariri hotuba yangu, akafika kwenye kivuli na gundi, akacheka mpaka akashika mbavu. Kwenye misumari hakucheka. Anasema misumari ilikuwa ghali.

Nimeisoma barua. "Sultan alifanya kazi kwangu miaka saba, mwaka wa mwisho chini ya usimamizi wa Harith. Mkono wake ni mwepesi na mshono wake haufumuki. Nimewaajiri mafundi wengi, na kochi la nyumbani kwangu mwenyewe nilimpa yeye alivishe. Ni mgomvi. Kudanganya hajui; nimemwona akijaribu."

Ile sentensi ya kochi la nyumbani kwake nikaisoma tena. Hakuwahi kuniambia kwamba ni lake.

Kisha nikamwambia Suad kwamba sentensi mbili lazima ziondolewe, ya Harith na ile ya mwisho, na nina kalamu ya rangi ile ile. Akasema amekwisha kuituma, akiwa bado kwenye treni. Na picha pia. Picha gani? Zile za kwa Pramila Ben. Alimwomba Harith amtumie upya, akamtumia pale pale, pamoja na dua.

Mke wangu! Kwa adui! Nimekwenda kulala bila kula. Nikarudi nikala.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepita!

Wameandika kwamba mimi ni fundi makochi. Walimpigia simu Praful Bhai, wakazungumza naye kwa kirefu, na wameridhishwa na ukweli wa maelezo yake. Suad amelia kwenye kanga yake, amempigia Miska, wamelia pamoja, mtoto akacheka. Na mimi nilikuwa na kitu jichoni.

Nimefikiri sana kuhusu barua ile. Kudanganya hajui! Miaka saba chini ya pua yake, na mzee wa watu hakugundua kitu. Huo ndio ujanja wenyewe. Mipango yangu ilifanya kazi kwa njia ambazo hata mimi sikuziona.

Harith amepita pia. Hilo halikwepeki.

Sasa bado kipimo cha afya. Suad anasema ni jambo dogo: nenda, vua shati, wakupime, urudi. Presha yangu iko sawa, anasema, yeye mwenyewe hunipima. Maskini. Hajui kwamba presha ya nyumbani si presha ya mbele ya daktari wa serikali. Nikiona tu kile kitambaa cha mkononi kinajaa upepo, najaa na mimi.

Lakini Harith ana miadi siku hiyo hiyo, hospitali hiyo hiyo. Na Harith ni mtu mtulivu, damu yake inatembea kama mtu anayetoka sala ya Ijumaa. Tukibadilishana majina mlangoni, yeye atapimwa badala yangu na mimi badala yake. Haki sawa kwa wote. Kwamba presha yangu itaandikwa kuwa yake, hilo nitamweleza tukishafika Perth. Sura hazifanani sana kwenye pasi. Nimenunua miwani kama yake.

Nimemwalika chai Jumapili. Suad aliposikia, kisu cha kukatia keki kikamponyoka kwa furaha. Akanishika mkono, akasema, "Baba Miska, kweli sasa umebadilika."

Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha nikaingia chooni kuijaribu miwani.